Mgeni wa Kwanza Yupo Mezani

Ma Koku amezikwa Buganguzi, nyuma ya nyumba yake, kati ya migomba aliyoipanda mwenyewe na ile aliyokuwa akiilaumu kwa uvivu. Nilitoka kwetu Nyanga, pembeni ya mji wa Bukoba, alfajiri, nikafika mapema kuliko padre, nikaingia ndani kuwapa pole wafiwa. Chumba cha mbele kilikuwa na kochi, na juu ya kochi alikaa kitukuu wa marehemu, binti wa miaka tisa hivi aliyekuja na wazazi wake kutoka Dar es Salaam. Alikuwa na kishikwambi mapajani na vidude viwili masikioni. Nikamsabahi. Hakuitika. Nikamsabahi tena, kwa sauti ya mtu aliyefundisha maisha yake yote na kustaafu bila kupungukiwa na sauti. Bila kuinua macho alininyooshea kiganja na kusema, "Subiri babu, mwalimu anaongea." Mama yake aliruka kutoka jikoni akiomba radhi, akaeleza kwamba shule yao inafundisha kwa kompyuta hata wakati wa misiba, na kwamba kizazi hiki kimeharibika. Nilitaka kumwambia kwamba kiganja kile nimewahi kukiona, katika kijiji hikihiki, kabla yeye hajazaliwa, na aliyekiinua alikuwa mzee mwenye mvi. Lakini jeneza lilikuwa linatolewa, na hadithi yangu ni ndefu. Nikakaa nayo mpaka leo.

Ulikuwa mwaka wa vijiji na mikutano, mwaka ambao kila mtu mzima alitakiwa ajue kusoma, na kila aliyejua kusoma alitakiwa amfundishe asiyejua. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa mtu wa haya kiasi kwamba dukani nilikuwa nikinunua kitu kilichokuwa karibu na kidole changu, si nilichokifuata, ili nisilazimike kusema. Kijana wa namna hiyo kupewa kazi ya kufundisha watu wazima ni mzaha, na mimi ningeikataa kama nisingeambiwa kwamba kazi yenyewe ingefanywa na redio. Serikali ilikuwa imetoa redio za betri kwa vikundi vya kisomo, navyo vilianza na masomo ya afya. Mwalimu halisi alikuwa Dar es Salaam, kwenye studio, na mimi nilitakiwa kuwasha, kuzima, kisha kusoma maswali kutoka katika kijitabu cha mwongozo. Nilifurahi kuliko siku ya kipaimara. Masharti yalikuwa mepesi: mwaka mmoja wa majaribio, mwishoni mratibu atakuja kunikagua, nikifaa naajiriwa kuwa mwalimu. Nisipofaa narudi Nyanga kulima kibanja ambacho tayari kilikuwa na wakulima wengi kuliko migomba. Niliutaka ualimu ule kwa moyo wote. Niliutaka, ila bila wanafunzi.

Nilipangiwa kukaa kwa Ma Koku, mjane mwenye nyumba ya bati na ulimi usiopumzika. Chumba changu kilitengwa na chake kwa ukuta wa matete, ambao ulizuia macho lakini haukuzuia neno hata moja. Jioni alinipakulia ndizi za maharage juu ya jani la mgomba, zikifuka mvuke, pembeni dagaa wa ziwani, na msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, ulipofika alinikaangia senene mpaka nikasahau kwetu. Nilikula, nikainamisha kichwa, nikasema asante, nikaingia chumbani. Kisha jirani yake alikuja kuomba moto, na kupitia matete nilijisikia nikichambuliwa. "Huyu kijana wa mjini ni bubu, au anaringa?" jirani aliuliza. "Bubu hawezi kula namna ile," Ma Koku akajibu. "Kinywa chake kinafanya kazi. Kinafanya nusu ya kazi tu." Nililala na aibu, lakini nikajipa moyo kwamba hawajaisikia redio.

Darasa letu lilikuwa ghala la kahawa la kijiji, saa kumi jioni, watu wakiwa wametoka shamba. Harufu ya kahawa kavu ilikuwa imeingia hata kwenye kuta. Wanawake walitandaza nyasi mbichi sakafuni kama inavyotandazwa nyumbani akija mgeni wa maana, na wazee walikuja na vigoda vyao. Niliiweka redio mezani, nikavuta antena, nikawasha. Sauti nzito, safi, ya mtu aliyeshiba, ikasema, "Hamjambo wanakisomo?" Mimi nilikuwa nimesoma mwongozo: baada ya salamu, darasa husikiliza. Ta Ishengoma hakuwa ameusoma. Alikuwa mzee mrefu, ndiye aliyeheshimiwa kuliko wote pale, na hakuwahi kuona mgeni akisalimia nyumba nzima halafu aachwe hivihivi. Akasimama, akavua kofia. Wanawake wakapiga magoti. Ta Ishengoma akamwitikia mgeni, akamuuliza safari, akamuuliza hali ya Dar es Salaam, mvua za huko, mke, watoto, kisha akafika kwenye swali ambalo kwetu ndilo mlango wa mazungumzo yote: mgeni ni wa ukoo gani? Nyuma yake wengine walisubiri zamu zao za kusalimia. Redio ilikuwa inaendelea kueleza faida za kuchemsha maji ya kunywa. Walipomaliza salamu, wakakaa ili sasa wamsikilize mgeni, muziki ulipigwa na kipindi kikaisha. Ma Koku alikuwa bado ameshika kikapu cha kahawa ya kutafuna aliyokuwa amemwandalia.

"Ameondoka," Ta Ishengoma akasema polepole. "Hakuitika hata salamu moja. Hakugusa kahawa. Waitu, ndugu zangu, tumemkosea nini?"

Siku zilizofuata zilikuwa hivyo hivyo. Nilijaribu kueleza, kwa ile sauti yangu iliyoishia kwenye meno, kwamba mtu wa redioni hawezi kuwasikia. Ta Ishengoma akasikitika. "Ni kiziwi? Ungetuambia mapema, mwalimu. Tungepaza sauti." Na jioni ile walipaza. Mtu aliyepita barabarani aliingia mbio akidhani ghala linaungua. Sasa msomaji asidhani wazee wale walikuwa wajinga. Redio waliifahamu, wengine walikuwa nazo nyumbani za kusikilizia taarifa ya habari na matangazo ya vifo. Lakini redio ya nyumbani haikuiti wewe. Inajisemea na wewe unapita. Hii ilikuwa imeletwa rasmi, imetandikiwa nyasi, na ilianza kwa kuwajulia hali. Mtu akikujulia hali, kunyamaza ni kumtukana, awe ndani ya sanduku au nje yake. Ta Ishengoma aliniambia hivyo mwenyewe: "Kama hasikii, hilo ni lake. Mimi nisipoitika, hilo ni langu." Nimesoma vitabu vingi vya ualimu tangu siku ile na sijakuta jibu.

Aliyeniokoa ni Ma Koku, na wazo lilimjia akimenya ndizi. Alikuwa amechoka kurudi na kahawa yake. Kesho yake darasani aliomba neno kabla sijawasha, akawakumbusha wenzake namna mjumbe wa mkama, mfalme wetu, alivyokuwa akipokewa zamani. Mjumbe hakusalimiwa anapoingia. Alikuwa amebeba maneno ya mwingine na angeweza kuyamwaga njiani. Watu walinyamaza hata kama amewajulia hali, hata kama nyumba inavuja, mpaka atue mzigo wake wote; ndipo alipogeuka kuwa mtu, akasalimiwa, akapewa kahawa. "Huyu wa mezani ni mjumbe," alisema. "Muziki ukilia ndiyo ametua." Wazee walitafakari. Ta Ishengoma akatikisa kichwa kukubali, akasema ni kweli, na kwamba ni aibu yeye hakuliona hilo mapema. Toka siku ile ghala lilikuwa kimya kuliko kanisa. Ungeweza kusikia mende wakitembea kwenye magunia. Muziki ulipolia nilizima, na hapo wote walisimama, wakakisalimu kile kisanduku kilichozimwa kwa adabu zote, na Ma Koku akaweka punje chache za kahawa karibu na kitufe cha sauti. Kisha alizichukua akatafuna mwenyewe, kwa kuwa mjumbe hakuwa na haraka.

Ile ndiyo ilikuwa miezi mitamu ya mwaka wangu. Nilianika betri juani kila asubuhi, nikafuta vumbi kwenye redio, nikaiga sauti yake chumbani nikiwa peke yangu. Nilijifunza hata kunyamaza kwake. Mtu wa redio alikuwa akiuliza swali, akasubiri kidogo, kisha akasema, "Vizuri sana," iwe umejibu au umelala. Niliona huo ndio ualimu wenyewe. Nikawa nasoma swali kutoka kwenye mwongozo, macho yangu hapohapo kwenye karatasi, nasubiri kidogo, nasema, "Vizuri sana," naenda swali linalofuata. Mambo yalikwenda haraka na hakuna aliyenikwaza. Sikujua kwamba Ta Ishengoma alikuwa ameanza kunijaribu. Niliuliza kwa nini tunachemsha maji ya kunywa. Akajibu, kwa Kiswahili chake cha taratibu, kwamba tunachemsha ili sufuria isijisikie mpweke. "Vizuri sana," nikasema. Niliuliza choo kichimbwe wapi. Akajibu kwenye kibanja cha shemeji. "Vizuri sana." Darasa lote liliziba midomo kwa kanga na kofia. Mimi nilidhani wanapiga miayo.

Niliyajua haya usiku mmoja kupitia matete. Ma Koku alikuwa akimwambia jirani, bila hasira yoyote, "Serikali imetupenda. Imetuletea walimu wawili kwa mara moja. Tatizo ni kwamba wote wawili hawasikii." Jirani alicheka mpaka akakohoa. Nilijifunika blanketi. Niliumia, nasema kweli, lakini maumivu yale hayakunibadilisha chochote. Kesho yake nilisoma maswali yangu kwa kasi zaidi ili tumalize kabla Ta Ishengoma hajafikiria jibu. Mtu mwenye haya ni mkaidi sana. Watu hudhani ni mpole.

Mratibu alikuja mwishoni mwa mwaka. Aliitwa Bwana Rwiza, Mhaya mzaliwa wa Kanazi, mtu mnene wa suruali ya kaki iliyonyooshwa vizuri, na alisafiri kwa pikipiki kutoka Bukoba. Siku tatu kabla nililipanga darasa langu kwa ukali ambao sikuwahi kuwa nao: mkaguzi anapenda nidhamu, kipindi kikianza hata mbu asijibiwe. Wakaahidi. Nililotarajia ni kwamba Bwana Rwiza angefika mapema, asalimiwe, akae, ndipo niwashe. Lakini mvua ilinyesha, barabara ikawa tope, saa kumi ikafika bila yeye, na redio haimsubiri mtu. Nikawasha. Mjumbe wetu alikuwa katikati ya kueleza usafi wa mikono pikipiki iliponguruma nje na mlango ukafunguliwa.

Bwana Rwiza alisimama mlangoni akidondosha maji. Akawatazama wazee, akatabasamu, akasema kwa sauti ya ofisi, "Hamjambo wazee wangu?" Hakuna aliyegeuka. Akadhani mvua ilimeza sauti yake. Akasema tena, sasa kwa Kihaya, na kwa ile salamu ya heshima ambayo mtu hawezi kuiacha ianguke chini bila kuidaka. Niliona magoti ya wanawake wawili yakitaka kushuka yenyewe, wakayazuia kwa mikono. Ta Ishengoma, macho yakiwa redioni, aliinua kiganja taratibu na kumwonyesha mkaguzi wa serikali kwamba asubiri. Uso wa Bwana Rwiza ulibadilika. Kwa mgeni kutoka pwani hilo lingekuwa jambo la kuudhi tu. Kwa mtu wa Kanazi, kunyamaziwa na nyumba nzima ya Wahaya ni kuambiwa kwamba umekufa na hukuzikwa vizuri. Akanitazama mimi.

Nilisimama. Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimebeba mle ndani maneno yote yaliyohitajika: karibu mratibu, wazee wanamaliza kipindi, ni utaratibu wetu. Hayakutoka. Nikaufanya ule ualimu pekee niliokuwa nao mkononi: nikazima redio.

Hapo ndipo walipogeuka wote kwa pamoja, na si kwa mratibu. Walinigeukia mimi. "Mwalimu," Ma Koku akasema, "mgeni hajamaliza."

"Mgeni ni mimi, mama," Bwana Rwiza akasema kutoka mlangoni.

"Ndiyo, waitu, na karibu sana. Lakini wewe ni wa pili. Wa kwanza yupo mezani."

Kilichofuata nakikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Nilimwona Bwana Rwiza akiangalia redio, akiangalia nyasi zilizotandazwa, akiangalia kikapu cha kahawa kilichosubiri, na kidogokidogo mtu wa ofisi alitoka usoni mwake akaingia mtu wa Kanazi. Sheria ile aliijua. Mgeni aliyetangulia hakatwi maneno kwa sababu ya aliyekuja nyuma, hata aliyekuja nyuma awe na pikipiki. Akavua koti la mvua, akatafuta kigoda, hakikuwepo, akakaa chini kwenye nyasi na suruali yake iliyonyooshwa. "Washa," akaniambia.

Akasikiliza usafi wa mikono mpaka mwisho. Muziki ulipolia nikazima, na salamu zote zilizokuwa zimezuiliwa zikamwangukia kwa pamoja. Wanawake walipiga magoti, wazee walishikana mikono naye, wakamuuliza ukoo wa baba, ukoo wa mama, ikagundulika kwamba yeye na Ta Ishengoma wana mwiko mmoja wa ukoo na kwa hiyo ni ndugu, ikabidi waanze kusalimiana upya kama ndugu. Alitafuna kahawa. Akauliza maswali ya masomo, na watu wangu walijibu yote, kuanzia choo hadi chakula bora, kwa mpangilio, mpaka nikaanza kujiona tayari nimeajiriwa. Kisha akauliza, "Na mwalimu wenu je?"

"Ni mtu mwema sana," Ta Ishengoma akajibu. "Hana kelele. Hata ukimdanganya, anakusifu."

Bwana Rwiza alinigeukia. "Kijana, yule mama aliyekaa karibu na mlango. Anaitwa nani?"

Alikuwa amekaa karibu na mlango ule mwaka mzima. Jina lake lilikuwa kwenye rejista niliyoijaza mwenyewe, pamoja na majina mengine, lakini sikuwahi kujua lipi ni la uso upi. Niliona midomo ya Ma Koku ikilitamka kimyakimya ili kunisaidia, sikuweza kulisoma. Yule mama aliinamisha uso kana kwamba kosa ni lake kuwa na jina gumu. Nikatamani redio ijiwashe yenyewe. "Sijui," nikasema. Lilikuwa jibu la kwanza nililowahi kutoa mle ndani ambalo halikutoka kwenye kijitabu.

Mratibu alitafuna punje yake mpaka ikaisha. "Kule kwetu Kanazi," akasema, "nina mwalimu anayeanza kusema kabla hajafungua mlango na anamaliza watu wakiwa wamefika nyumbani. Yule ndiye anayehitaji redio, walau anyamaze nusu saa. Hii naondoka nayo. Wewe unabaki na hawa watu. Nitarudi baada ya mavuno ya kahawa. Nikiwakuta bado wanakuja, wewe ni mwalimu. Nikikuta ghala tupu, nawe usinisubiri."

Nikaona mwaka wangu wote ukifungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki. Wazee hawakubisha, mgeni akitaka kwenda hazuiwi. Lakini hawakuwa tayari aondoke bila kusindikizwa. Wakatoka wote kwenye tope, wanawake mbele, Ta Ishengoma amevaa kofia yake, wakaisindikiza redio mpaka barabara kuu, wakiiaga na kuitakia safari njema. Bwana Rwiza aliendesha polepole kwa adabu, akijua kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwa akimsindikiza yeye. Mimi nilibaki ghalani. Meza ilikuwa tupu. Nilifikiria kwenda chumbani, nikafunge sanduku langu kabla hawajarudi, nipitie njia ya chini ya migomba ili nisimuage mtu.

Hawakunipa muda. Walirudi, wakafuta tope miguuni kwenye nyasi, wakakaa kila mmoja mahali pake pale pale. Nilidhani wamesahau kitu. Walikuwa wananitazama. "Sasa, mwanangu," Ma Koku akasema, "mjumbe amekwenda. Sema wewe. Sisi tutakujibu."

Mwongozo ulikuwa mfukoni, nikaugusa, nikauacha. Nikawasalimu. Waliitikia, mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza nilingoja kila mmoja amalize. Kisha nikageuka kwenye mlango, nikamwomba yule mama aniambie jina lake. Alisita, akatazama wenzake, akaanza, kama inavyopasa, na ukoo wa babu yake. Nikavuta kigoda cha Ta Ishengoma, ambaye alikuwa amesogea kunipisha, nikakaa, maana ilionekana somo lingekuwa refu.